Robo ya sekunde: kwa nini Sonic na wenzake walikwama mkononi

Leo tuyaweke kando mambo ya Linux na seva, tuzungumze michezo ya video. Tena si mipya. Nataka tuipitie historia ya kundi moja la michezo ambalo limewaudhi watu wengi kwa miaka mingi: ile michezo ya kukimbia na kurukia majukwaa iliyovuma kwenye konsoli za runinga, kisha jina lake likabandikwa kwenye kaseti ya konsoli ndogo ya mkononi, mtu akainunua, akafika nayo nyumbani, akakuta kitu kingine kabisa.

Nisieleweke vibaya. Kuna michezo ya mkononi mizuri ajabu, na mingine nitaitaja. Lakini ukiketi na emyuleta jioni kadhaa kama nilivyofanya mimi, ukacheza moja baada ya jingine matoleo ya runinga na ya mkononi ya Sonic, Castlevania, Donkey Kong na Mega Man, utaona kwamba ile mibaya mingi ina ugonjwa mmoja. Ugonjwa huo unanivutia kama mwanaprogramu kwa sababu chanzo chake si kile ambacho watu hudai.

Watu hudai kwamba mashine za mkononi zilikuwa dhaifu. Haya, tuangalie. Game Boy ya Nintendo ilitoka Japani Aprili 1989. Prosesa yake ilipiga megahezi 4.19 hivi, na kumbukumbu ya kazi ilikuwa kilobaiti 8. Ni kidogo, ndiyo. Lakini NES, konsoli ya runinga ya kampuni hiyo hiyo, ambayo mtaani kwetu tuliijua kupitia mashine za kuiga zenye kaseti ya michezo “9999” (ukiihesabu vizuri ni kumi na miwili inayojirudia), ilikuwa na prosesa ya megahezi 1.79 na kumbukumbu ya kilobaiti 2. Kwa hizo kilobaiti 2 ilitoka Super Mario Bros. ya mwaka 1985, na hakuna aliyeilalamikia. Kwa hivyo udhaifu wa mashine hautoshi kuwa jibu.

Kilichobadilika ni dirisha. NES ilionyesha picha ya pikseli 256 kwa 240. Mega Drive ya Sega, nyumbani kwa Sonic, ilionyesha 320 kwa 224. Game Boy ilionyesha 160 kwa 144, na Game Gear ya Sega, iliyotoka Japani Oktoba 1990, ilikuwa na 160 kwa 144 vilevile. Zidisha uone: Mega Drive ina pikseli 71,680, Game Gear ina 23,040. Haijafika hata thuluthi moja.

Sasa kuna jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisoma likielezwa waziwazi. Tumezoea kufikiri kwamba skrini ni nafasi. Katika mchezo wa kukimbia, skrini ni muda. Ukubwa wa kile unachokiona mbele yako ndio muda uliopewa kabla hakijakugonga. Hebu chukua kalamu.

Kwenye Mega Drive ya Marekani au Japani mchezo huchorwa fremu 60 kwa sekunde. Sonic akifika kasi yake ya juu ya kukimbia kwenye ardhi tambarare husogea pikseli 6 kila fremu. Yeye mwenyewe hukaa katikati ya picha, kwa hivyo mbele yake kuna kama pikseli 160. Gawanya kwa 6: fremu 26 na ushei. Hizo ni sekunde 0.44. Binadamu wa kawaida akiona kitu, ubongo ukaamua, kidole kikabonyeza, hutumia takriban robo ya sekunde. Kwa hivyo kwenye runinga Sonic anakupa muda wa kuona mwiba, wa kushtuka, na bado inabaki chenji ya kuruka kwa madaha. Ndiyo maana mchezo ule unakufanya ujihisi mwerevu.

Chukua kasi hiyohiyo uipeleke kwenye dirisha la pikseli 160. Mbele ya Sonic zinabaki 80. Gawanya kwa 6: fremu 13. Sekunde 0.22. Umeshaona? Muda uliobaki ni mfupi kuliko muda wa mwili wa mtu kuitikia. Hapo mchezo si mgumu tena, hauwezekani, isipokuwa ukiukariri kama sala. Mwiba unaouona leo ulikuua jana.

Mlinganishe na Mario. Katika Super Mario Bros., Mario akikimbia kwa nguvu zake zote hafiki hata nusu ya kasi hiyo: ni pikseli 2.5 kwa fremu. Mfinyie dirisha kadiri unavyotaka, hata kwenye skrini ya Game Boy bado ana zaidi ya nusu sekunde. Mario alikuwa maskini wa kasi, akaweza kuhamia chumba kidogo bila kuuza samani. Sonic alijengwa kwa kasi, na kasi ndiyo kitu pekee ambacho chumba kile hakikuweza kukibeba.

Wahandisi wa Sega hawakuwa wajinga, na kasi za matoleo ya Game Gear hazikuwa zilezile za Mega Drive. Sonic ya kwanza ya Game Gear, ya mwaka 1991, iliyotengenezwa na kampuni ya Ancient ya mtunzi wa muziki Yuzo Koshiro, ilipangwa kwa utulivu zaidi na inachezeka vizuri hadi leo. Balaa kubwa lilikuja mwaka uliofuata.

Sonic the Hedgehog 2 ya Game Gear ilitengenezwa na kampuni iitwayo Aspect, ikatoka mwaka 1992, sawa na ndugu yake maarufu wa Mega Drive. Jina ni lile lile, mchezo ni tofauti kabisa. Ilitoka pia kwa Master System, konsoli ya runinga ya Sega iliyotangulia Mega Drive, na hapa ndipo penye mtego. Game Gear kwa ndani ilikuwa karibu sawa na Master System: prosesa ileile ya Z80, mpangilio wa picha uleule. Kuhamisha mchezo kutoka moja hadi nyingine ilikuwa rahisi, na sisi wanaprogramu tunajua jinsi kitu rahisi kinavyovutia ijumaa jioni. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba Master System ilionyesha 256 kwa 192. Chipu ya picha ya Game Gear nayo ilikuwa inashughulikia fremu ya ukubwa huohuo wa 256 kwa 192, lakini skrini ilionyesha kipande cha katikati tu, cha 160 kwa 144. Fikiria hilo kidogo. Zaidi ya nusu ya picha ilikuwapo, ila ilifichwa. Mashine ilikuwa inajua kinachokuja. Mchezaji ndiye hakujua.

Nenda basi kwa bosi wa kwanza, mwishoni mwa eneo la Underground. Sonic anaangushwa kwenye mteremko. Chini ya mteremko, upande wa kulia, kuna roboti mwenye mataya, mfano wa yule mdudu fukufuku anayechimba shimo mchangani na kungojea sisimizi wateleze. Sonic anateleza kumwelekea. Kutoka juu ya mteremko, nyuma yake, mipira mikubwa inashuka ikidundadunda. Humpigi roboti huyo. Unatakiwa uikwepe mipira, iende ikamgonge yeye. Na katika pambano hilo huna hata pete moja, na anayeujua Sonic anajua maana yake: ukiguswa mara moja umekufa.

Kwenye Master System ni pambano zuri. Unaona mpira ukitokea mbali, unausoma mdundo wake, unaamua kupita chini yake au juu yake. Kwenye Game Gear mpira unatokea ukiwa tayari uko kichwani kwako. Nimelicheza pambano hilo kwa matoleo yote mawili na nakwambia haya ni mambo mawili tofauti kama mtihani na bahati nasibu.

Hapa ndipo jambo hili linaponiuma, na ndiyo sababu nimeamua kuliandikia. Huyu ni bosi wa kwanza. Si wa mwisho. Mtoto wa mwaka 1992 huko Marekani au Uingereza aliyepewa Game Gear kama zawadi ya Krismasi alikuwa na mashine inayokula betri 6 na kuzimaliza katika saa 3 hadi 5. Mchezo haukuwa na njia ya kuhifadhi ulipofika. Alifika kwa bosi, akafa, akafa tena, maisha yakaisha, akaanza upya, betri zikalala. Hakuwa na njia ya kujua kwamba rafiki yake mwenye Master System alikuwa anaona upana mkubwa zaidi wa mteremko uleule. Alichojua ni kwamba yeye hawezi. Mabaraza ya wapenzi wa Sonic yamejaa watu wazima wanaosema hawakuwahi kuliona eneo la pili utotoni. Mchezo mgumu unakufundisha kitu. Huu uliwafundisha watoto kwamba ni wazembe, na haikuwa kweli. Na kumbuka kisa chenyewe cha mchezo: Tails ametekwa, na usipokusanya zumaridi zote huwezi kwenda kumwokoa. Kwa hivyo kuna watoto waliokua wakiwa na deni la mbweha mdogo wa mikia miwili. Nacheka, lakini nusu tu.

(Kabla mtu hajaniandikia: naam, kulikuwa na kioo cha kukuza kilichouzwa cha kubandika mbele ya Game Gear. Kilikuza picha. Hakikuongeza hata pikseli moja mbele ya Sonic. Mwaka 2020 Sega ilipotoa huko Japani ile Game Gear Micro yenye skrini ya inchi 1.15, ilitoa pia kioo cha mzaha cha kuikuza. Inchi ni suala la macho. Pikseli za mbele ndizo suala la muda. Watu huyachanganya haya mawili kila siku, hata kwenye mikutano ya kazi.)

Na nikishagusa kazi, niseme hili halafu nipite. Nimewahi kuletewa mfumo wa uhasibu uliotengenezwa kwa skrini kubwa ya ofisini, nikaambiwa “uufinye tu uingie kwenye rununu.” Jedwali la safu kumi na nne. Aliyeagiza hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa dhati kwamba kitu kikishafanya kazi mahali pamoja kimekwisha kutengenezwa. Nina hakika Japani ya 1992 ilikuwa na vikao vya namna hiyo.

Kwa upande wa Nintendo shida ilivaa nguo nyingine. Skrini ya Game Boy ilikuwa na rangi nne tu za kijivu-kijani, haikuwa na taa, na ilikuwa nzito kubadilika: chochote kinachosogea haraka kilivuta mkia wa kivuli nyuma yake. Gunpei Yokoi na wenzake waliichagua makusudi. Ilikuwa nafuu, na betri 4 ziliiendesha saa nyingi kuliko za Game Gear. Kibiashara walishinda vita mapema: Game Boy pamoja na Game Boy Color ziliuza zaidi ya milioni 118. Lakini kwa mtu anayehamisha mchezo kutoka kwenye runinga, skrini ile ilikuwa inadai ushuru kwa kila kitu chenye mwendo na kila kitu chenye michoro mingi.

Castlevania: The Adventure ya Konami, ya Oktoba 1989, ililipa ushuru wa mwendo. Shujaa wake Christopher Belmont anatembea kama mtu aliyevaa gamubuti kwenye tope la mvua ya masika. Mjeledi wake unaimarika akiokota vito, na adui akimgusa mara moja unashuka daraja. Zile silaha za ziada zilizofanya Castlevania ya NES iwe tamu hazipo. Hatua ni nne tu, lakini katika ya tatu wamekuwekea miiba inayokufukuza, wewe mwenye magamubuti. Hapo utaona kosa ni lilelile kwa kinyume chake: kasi imepunguzwa, sawa, lakini mitego imebaki ya mtu mwenye kasi. Wamebadilisha nambari moja kwenye mlinganyo wakaziacha zile nyingine. Konami yenyewe ilirekebisha mambo mwaka 1991 kwa Castlevania II: Belmont's Revenge, kwenye mashine ileile isiyoongezwa hata baiti moja: silaha za ziada zikarudi, unachagua ngome ya kuanzia, kamba unateleza badala ya kutambaa. Miaka miwili tu. Kwa hivyo tena, si mashine.

Donkey Kong Land ya mwaka 1995 ililipa ushuru wa michoro. Mwaka mmoja kabla yake Rare, kampuni ya Uingereza, ilikuwa imeshangaza dunia kwa Donkey Kong Country ya SNES, ambayo picha zake zilitengenezwa kwa tarakilishi za bei mbaya za Silicon Graphics na kuonekana kama sanamu za udongo zenye uhai. Kwenye Game Boy, Rare iliamua kutumia mtindo uleule. Sokwe yuleyule mwenye manyoya na vivuli, migomba ileile, sasa kwa vivuli vinne vya kijivu, juu ya mandhari yenye madoadoa vilevile. Kwenye emyuleta, yenye skrini safi, unavutiwa. Kwenye Game Boy halisi, ikiwa na ule mkia wake wa vivuli, mamba anayekuja na kichaka kilicho nyuma yake vilikuwa uji mmoja. Kinachonichekesha ni kisa chenyewe: mzee Cranky Kong anawaambia akina Donkey kwamba walipendwa kwa sababu ya picha nzuri tu, na anawawekea dau kwamba hawataweza kung'ara kwenye mashine ya biti 8. Rare iliandika utani unaoeleza kosa lake barabara, kisha ikalitenda. Mchezo uliuzika sana, hilo nikiri kwa niaba ya Cranky. Katika ule wa pili, wa 1996, mandhari ya nyuma yalisafishwa na ghafla ukaanza kuona unapokanyaga.

Mega Man nitampitia haraka. Kwenye NES vyumba vyake vilipimwa viingie kwenye skrini moja kamili, kama vigae. Toleo la Game Gear la 1995, lililouzwa na U.S. Gold huko Marekani pekee, lilivichukua vyumba vya NES na kuvitazama kupitia tundu la ufunguo, kwa hivyo unaruka chini bila kujua kama kuna sakafu au miiba. Kwenye Game Boy, kufikia Mega Man V ya 1994, Capcom ilikuwa imeachana na kurudia mabosi wa NES na kutengeneza wapya wenye majina ya sayari, na ndio bora wa kundi lile.

Sasa turudi kwa Aspect, kwa maana nisiporudi nitakuwa nimewaonea. Kampuni hii ndogo ndiyo iliyobebeshwa sehemu kubwa ya Sonic wa Game Gear: Sonic 2, Sonic Chaos mwaka 1993, Triple Trouble mwaka 1994. Sonic Labyrinth ya 1995 haikuwa yao, ilikuwa ya Minato Giken, na ni lazima niisimulie kwa sababu mtu asiyeijua hatoniamini. Ndani yake Robotnik anambadilishia Sonic viatu vyake kwa viatu vya kumpunguza mwendo. Sonic, ambaye kazi yake pekee duniani ni kukimbia, anazunguka polepole kwenye vichochoro akitafuta funguo, na hawezi kuruka. Ni kama kumwajiri Eliud Kipchoge halafu umpe kazi ya kukaa langoni akiandika majina ya wageni. Lakini ukiitazama kwa jicho la mhandisi, kuna mtu pale aliyeiona hesabu yangu ya fremu 13. Aliona kwamba Sonic hatoshi kwenye skrini. Akaondoa kasi, kisha akasahau kuuliza nini kitakaa mahali pake.

Mwaka uleule wa 1995, Aspect walitoa Tails Adventure kwa Game Gear. Mashine ile, pikseli zile, kampuni iliyotengeneza yule bosi wa mteremko. Na ni mchezo mzuri sana. Shujaa ni Tails, si Sonic. Anatembea kwa mwendo wake, anarusha mabomu, anapaa kidogo na kuchoka, anarudi maeneo aliyokwishapita akiwa na kifaa kipya kinachomfungulia njia aliyoikosa. Hakuna kinachokuja kwa pikseli 6 kwa fremu. Dirisha dogo hapa halikupunguzii chochote. Linakuwa kama tochi pangoni, na kila hatua kuna kona ya kuchungulia. Mtu aliniambia kwamba Aspect hawakujua kazi. Walijua. Walipewa nafasi ya kuanza na dirisha badala ya kuanza na jina, wakaonyesha. Mwaka 1996 jina lilirudi na Sonic Blast, ambao umemchora Sonic mkubwa kwa ule mtindo wa sanamu za udongo uliokuwa fasheni, ukala nafasi kidogo iliyokuwapo mbele yake. Nikiucheza huwa nahisi ninaendesha matatu nikiwa nimefunga pazia la mbele.

Waliolielewa jambo hili mapema zaidi wako wawili. Super Mario Land, iliyotoka siku moja na Game Boy, haikutengenezwa na Shigeru Miyamoto bali na kikosi cha Yokoi, Satoru Okada akiwa mwelekezi. Mario alichorwa mdogo kama punje, na hiyo ndiyo siri: ukimpunguza mhusika umelipanua dirisha. Wengine huuona mchezo mfupi na wa ajabuajabu, lakini uliuza zaidi ya milioni 18. Halafu Aprili 1992 ikaja Kirby's Dream Land ya HAL, kazi ya Masahiro Sakurai aliyekuwa na umri wa miaka 21. Kirby hakutoka kwenye runinga; alizaliwa mkononi. Ni duara, anaonekana hata kwenye skrini mbovu. Anajijaza hewa na kuelea, kwa hivyo shimo usiloliona halikuui. Kila udhaifu wa Game Boy umejibiwa na mwili wa mhusika mwenyewe. Sidhani kuna kipande cha usanifu wa programu ninachokiheshimu zaidi ya kile kiduara.

Unaweza kudhani mambo yaliisha mashine zilipopata nguvu. Game Boy Advance ya 2001 ilikuwa na prosesa ya ARM ya megahezi 16.78 na skrini ya 240 kwa 160. Mwaka huohuo kampuni ya Dimps, ikishirikiana na Sonic Team, ilitoa Sonic Advance. Mbele ya Sonic sasa kuna pikseli 120, sekunde 0.33 kwa kasi ileile ya hesabu yetu. Si nyingi, lakini inazidi robo. Hatua zake zilichorwa upya kwa dirisha lile, na mchezo unaruka kama swala.

Halafu mwezi Novemba 2006, Sega ikiadhimisha miaka 15 ya Sonic, ilitoa Marekani Sonic the Hedgehog Genesis kwa mashine hiyohiyo. Huu haukuwa mchezo mpya, ulikuwa ule wa kwanza wa 1991 ukihamishwa. Picha ilikatwa kingo, ramani zikabaki zilizopimwa kwa 320, mwendo ukawa wa kukwamakwama, na muziki ukatoka kama redio yenye maji. Mashine iliyomkimbiza Sonic vizuri miaka mitano nyuma sasa haikuweza kumkimbiza kwenye mchezo mkongwe kuliko yenyewe. Wakosoaji waliukataa karibu kwa sauti moja, na palepale utetezi wa zamani ukarudi vinywani: labda GBA haiwezi.

Mwaka 2008 Simon Thomley, mwanaprogramu aliyekuwa akijulikana miongoni mwa wapenzi wa Sonic kama Stealth, alitoa onyesho alilolitengeneza mwenyewe: Sonic ya kwanza ikikimbia kwenye GBA kwa ulaini. Hakuwa na mkataba wala bajeti. Onyesho lake halikuweza kulipanua dirisha, zile sekunde 0.33 zilibaki palepale, lakini lile la kusema mashine haiwezi lilikufa siku hiyo. Baadaye Sega ilimpa kazi. Alishirikiana na Christian Whitehead kwenye matoleo ya simu ya Sonic ya kwanza na ya pili mwaka 2013, na Agosti 2017 wakatoa na wenzao Sonic Mania, kwa PlayStation 4, Xbox One na Nintendo Switch.

Switch unaweza kuichomeka kwenye runinga au kuishika mkononi kwenye basi, na Sonic Mania inaonyesha kitu kilekile kwa hali zote mbili: picha ya pikseli 424 kwa upana. Gawanya kwa mbili, halafu kwa 6, halafu kwa 60. Mimi nimepata sekunde 0.59.